Mtu wa Maneno Machache

"Marehemu alikuwa mchapakazi, aliyeipenda familia yake, na mtu wa maneno machache."

Nilipoisoma sentensi hiyo mbele ya waombolezaji, vichwa vingi vilitikisika kukubali. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe usiku wa kuamkia mazishi. Wasifu mzima ulikuwa kurasa mbili: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto wanne, miaka 31 katika kiwanda kimoja cha nguo, kustaafu, kuugua. Nilisoma bila sauti kukatika, nikakunja karatasi, nikarudi kukaa ubavuni mwa Mama.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja alinifuata. Sikuwa namfahamu. Alisimama mbele yangu, uso kwa uso, karibu kuliko mtu anavyomsogelea asiyemjua, akanipa pole. Kisha akasema, kwa sauti kubwa mno kwa mahali pale:

"Mwanangu, umesoma vizuri. Ila baba yako hakuwa mtu wa maneno machache. Mule ndani yeye ndiye alikuwa msemaji wetu. Alikuwa hanyamazi."

Akanibana mkono, akaenda zake.

Nimekaa na maneno hayo wiki sita.

## Haya

Baba niliyemjua mimi alikuwa na jibu moja. Haya.

Umerudi shule: haya. Daftari limejaa: haya. Unaomba ruhusa ya kwenda kwa rafiki yako: haya, na ukishatoka anauliza umekwenda wapi. Nikiwa darasa la tano nilikimbia njia nzima kutoka shuleni na ripoti mkononi. Nilimkuta ameinamia baiskeli yake, nikamwambia kwa nyuma kwamba nimeshika nafasi ya kwanza. Hakugeuka. Nikarudia. Akageuka, akanitazama usoni kidogo, akasema haya, akaendelea kukaza nati.

Ripoti niliiacha juu ya meza. Kesho yake haikuwepo. Jioni ilikuwa imerudi palepale, na sikujiuliza ilikuwa imekwenda wapi.

Nilikuwa na miaka 11. Sikulia. Niliamua tu kwamba mambo yangu si ya kumpelekea mtu huyu, na uamuzi huo nikautunza kwa zaidi ya miaka 20. Nilipopata kazi nilimwambia Mama. Nilipovunjika moyo nilimwambia Mama. Kwa Baba nilipeleka salamu, na fedha za dawa.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisadikisha. Kaka yangu, anayenitangulia kwa miaka mitatu, naye alikuwa akipewa haya ileile mpaka alipofika miaka 14 hivi. Halafu wakaanza kuzungumza. Ilitokea ndani ya miezi michache tu. Baba akawa anamuuliza kitu na kusubiri jibu. Akawa anacheka alichosema. Mimi na dada zangu wawili tuliliona, na ingawa hatukulisema, tulielewana kwa macho: mtoto wa kiume amekua, sasa anahesabika. Sisi tutabaki kuwa wa Mama.

Kwa hiyo niliposoma "aliyeipenda familia yake" pale mazishini, nilikuwa natamka kwa heshima jambo nililoliamini nusu.

## Karatasi iliyokunjwa mara nne

Mama aliniomba nipange vitu vya Baba kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba na nilikuwa bado sijaondoka. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na vyeti, picha ndogo za kitambulisho, funguo za makufuli ambayo hayapo tena. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kiwanda, nilikuta karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa viduara, mwingine wa alama za kukata. Yote miwili ilianzia juu upande wa kushoto, ikaenda sawa hadi karibu na katikati, kisha ikaporomoka, halafu ikanyanyuka kidogo mwishoni. Juu kulikuwa na jina la Baba. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili kabla sijazaliwa.

Sikuielewa. Nilikaa nayo siku nne kwenye mkoba, kisha nikaipeleka kwa daktari wa masikio.

Hakuhitaji kuitazama sana. "Alikuwa anafanya kazi kiwandani?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, kwenye ukumbi wa kufumia. Akaweka ncha ya kalamu pale mistari inapoporomoka.

"Hapa ni hezi 4,000, yaani sauti nyembamba za juu. Kelele za mashine huanza kula sikio hapahapa."

Akanieleza taratibu. Irabu hukaa kwenye masafa ya chini na hubeba nguvu ya sauti. Konsonanti nyingi, hasa s, f, sh na t, hukaa juu, na ndizo zinazotofautisha neno na neno. Mtu aliyeharibikiwa juu anasikia kwamba unasema, na kwa kuwa anasikia hajioni kiziwi. Ila fika, shika na pika kwake ni neno moja. Kwenye chumba chenye watu wengi wanaoongea pamoja, hashiki hata hilo moja.

Kisha akauliza, "Alikuwa na watoto wadogo wakati huo?"

"Watatu. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Sauti za watoto na za wanawake ndizo zinazotangulia kumtoroka mtu wa namna hii."

Nikamuuliza kuhusu Kaka. Nilimsimulia yote, hata lile la macho yetu mimi na dada zangu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akasikiliza hadi mwisho. Sauti ya mvulana ikivunjika, alisema, hushuka karibu oktavi nzima. Inaingia mahali ambapo sikio la baba yako lilikuwa bado zima.

Kaka alikuwa amesikika tu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo lile. Nilikuwa nimejenga nusu ya maisha yangu juu ya dharau ambayo haikuwepo. Na mtu wa kumwomba radhi nimemzika juzi.

## Mule ndani

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma, usiku mara nyingi, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu iliyokwisha kulipwa.

Mashine za kufumia za zamani, kama zile za Baba, zilikuwa na kipande cha mti chenye ncha za chuma kinachoburuta uzi wa mshindio, unaokwenda upana wa nguo, kupita kati ya nyuzi za mtande, zilizonyooshwa kwa urefu. Kinapigwa kutoka kulia, kinapokelewa kushoto, kinapigwa tena kurudi, karibu mara 200 kwa dakika. Hiyo ni mashine moja. Baba alisimamia nne, na ukumbini zilikuwa safu kwa safu. Kumbi za namna hiyo hufikia desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa kelele, 100 hivi.

Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu. Nilikaa na kalamu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Nikaendelea kukata hadi nikafika 100.

Dakika 15.

Baba alikuwa anaingia zamu ya saa 8, siku 6 kwa wiki. Kabla hajamaliza kuzungukia mashine zake nne mara ya kwanza, posho ya siku nzima ya masikio yake ilikuwa imekwisha.

Wala si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kizima cha maradhi ya wafanyakazi, na katika toleo la mwaka 1713 aliongeza habari za mafundi wa shaba ambao nyundo za kutwa nzima ziliwaua masikio. Yeye ndiye aliyewataka matabibu wenzake waongeze swali moja kila wanapomkalia mgonjwa: unafanya kazi gani? Mwaka 1886 daktari Thomas Barr aliwapima mafundi wa boila 100 mjini Glasgow, asimpate hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Tumejua kwa muda mrefu sana. Hili linanikera kuliko nilivyotegemea, maana kwenye sanduku la Baba kuna karatasi inayoonyesha kwamba na kwake walipima, wakaona, wakamrudisha kwenye mashine zilezile miaka 22 zaidi. Kinga alizopewa ni kuambiwa ajaze pamba masikioni. Pamba kavu haizuii karibu chochote.

Sikio la ndani lina umbo la konokono, na mtu huzaliwa na seli zipatazo 15,000 zenye vinywele katika kila sikio. Kelele huzilaza kama upepo unavyolaza majani. Zikilazwa mara nyingi haziinuki, na kwa binadamu hazioti upya. Kwa ndege zinaota. Watafiti walithibitisha hilo mwaka 1988. Kuku akipoteza seli hizo, baada ya wiki chache anakuwa na nyingine.

Niliposoma habari hiyo ya kuku nilifunga kompyuta nikalala.

Lakini katika kusoma kwangu ndimo nilimoyaelewa maneno ya yule mzee. Wafumaji wa Lancashire, kule Uingereza, walijulikana kwa kuzungumza kwa midomo na mikono kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, kwa sababu hakuna koo linaloweza kushindana na mashine. Kumbi za kufumia zinafanana. Watu walioko ndani yake saa 8 kila siku watajitafutia njia ya kusemezana, na watataniana, watagombana, watapeana habari za nyumbani, bila sauti.

Mahali ambapo hakuna anayesikia, hakuna kiziwi.

Baba alikuwa anatoka mahali anapojimudu, anapanda baiskeli, anakuja nyumbani kuwa mgeni.

## Mama

"Mama, Baba alikuwa hasikii vizuri?"

Hakushtuka. Aliweka chini shati alilokuwa analikunja.

"Alinikataza kusema."

Alijua tangu siku ya karatasi ile. Baba alirudi akamwonyesha, akaikunja, akasema wakijua wakubwa zake kwamba inaendelea kuharibika watamtoa kwenye mashine wamweke afagie ua, na anayefagia ua analipwa nusu. Mama alimsihi aache, atafute kazi nyingine. Alimsihi tena nilipozaliwa mimi.

"Unajua aliniambia nini? Masikio mawili, watoto wanne. Akasema hesabu hiyo imekubali."

Mama alisema hivyo akiwa ameutazama ukuta, na sikuthubutu kumuuliza kama naye hesabu hiyo ilimkubalia.

Kisha akaanza kunifungulia mambo moja moja, na kila moja nilikuwa nalo tayari, nimelihifadhi kwa jina jingine. Redio iliyolala ikiunguruma usiku kucha bila kushika stesheni, tuliyodhani ni uzembe: masikio yake yalikuwa yanalia mluzi usiokoma, na mkwaruzo wa redio ndio uliomfichia mluzi akapata usingizi. Desturi yake ya kutoka nje kila nyumba ikijaa wageni. Mkono wa Mama, ambao siku zote uligusa bega lake kabla hajamsemesha. Nilidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi.

Na lile la mwanga.

Nikiwa mdogo, kila nilipotaka kumweleza Baba jambo refu alikuwa anasema, "Njoo kwenye mwanga." Ananivuta dirishani, au chini ya taa, ananikazia macho usoni. Niliichukia sana desturi hiyo. Niliamini ananichunguza kama nadanganya, na kwa sababu hiyo nilikuwa natazama chini, nikiufunika mdomo kwa mkono.

Alikuwa anautafuta mdomo wangu.

## Ninapokwama

Ningependa kuishia hapo. Ndugu zangu wameishia hapo. Nilipowasimulia, dada yangu mkubwa alilia, akasema basi sasa tumemwelewa. Kaka alikaa kimya siku mbili, kisha akanipigia simu kuniuliza kama nadhani alikuwa anamnyanyasa Baba kwa kupiga kelele zake za ujana. Nikamwambia hapana, ndizo alizokuwa anazisikia.

Mimi bado nimekwama.

Naiona hatari ya kuyafungua mafundo yote kwa ufunguo mmoja. Kila ninachokumbuka sasa kinakimbilia masikioni: hakujibu kwa sababu hakusikia, hakuuliza kwa sababu aliogopa asingesikia jibu. Lakini naikumbuka siku nilipomwomba aje kwenye mahafali yangu. Tulikuwa nje, jua limewaka, nimemsimamia mbele. Alinitazama mdomo mwanzo hadi mwisho. Alielewa kila neno. Akasema ana zamu.

Hapo masikio hayamo. Hapo alichagua.

Halafu kuna ile siri. Alituficha ili asipoteze mashine zake, naelewa. Lakini wakubwa wa kiwanda hawakuwa wanaishi nyumbani kwetu. Sentensi moja tu ingetosha, hata kwa kunong'ona: wanangu, niambieni mkinitazama. Tungejifunza. Watoto hujifunza haraka. Tungeweza kuwa na lugha yetu ya mikono kama ile aliyokuwa nayo na wenzake. Badala yake alitulinda dhidi ya ukweli, na ulinzi huo ndio ulionifanya niishi na baba miaka yote hiyo nisimjue. Alilipa masikio, ndiyo. Nasi tulilipa, bila kuulizwa.

Nimeandika aya hiyo nikaifuta mara tatu. Naiacha.

Na neno mchapakazi limenigeuka mdomoni. Kwenye wasifu nililiweka mwanzo, kama sifa ya kwanza, na sikuwa nimejiuliza kazi ile ilichapa nini kwake. Tunalitoa neno hilo kwa wepesi kwa kila marehemu mwenye mikono migumu. Sitaki kuacha kulitoa, alilistahili. Ila ningetaka lifuatwe na lile swali la Ramazzini, na anayeuliza asubiri jibu.

## Mashine ya jirani

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtafuta yule mzee. Mama alikuwa anajua anakoishi.

Nilipoingia sikusalimia mlangoni. Nilizunguka hadi mbele yake, kwenye mwanga, nikamsalimia taratibu nikiwa nimeufungua uso. Alicheka. Akasema, "Umefundishwa."

Alipangiwa mashine za jirani na Baba mwaka niliozaliwa. Nilimwomba anionyeshe walivyokuwa wanaongea, akanionyesha: uzi umekatika, msimamizi anakuja, njaa, nusu saa imebaki. Midomo ilikuwa inavutwa sana, na kila neno lilikuwa na mkono wake. Nikamuuliza Baba alikuwa anaongea nini muda wote huo.

"Nyinyi," alisema.

Majina hayasomeki vizuri midomoni, kwa hiyo kila mtoto wa kila mfanyakazi alikuwa na alama yake. Dada yangu mkubwa alikuwa nywele. Wa pili alikuwa kicheko. Kaka alikuwa teke. Mimi nilikuwa urefu, kwa sababu nilipozaliwa Baba alishusha mkono hadi karibu na sakafu kuwaonyesha yule mdogo, na tangu hapo, kadiri nilivyokua, akawa anaupandisha. Mtu akikosa zamu kadhaa, akirudi, aliukuta umepanda.

"Kuna siku alisimamisha mashine zake zote nne," mzee aliendelea. "Tulikuwa tunalipwa kwa nguo uliyofuma, mtu hasimamishi hivihivi. Tukajua kuna msiba. Akatoa karatasi mfuko wa shati, akapanda juu ya kasha la nyuzi ili hata wa safu za mwisho wamwone."

Nikamuuliza alisema nini.

Mzee akainuka kwenye kiti. Akanyoosha kidole kimoja juu, akakizungusha ili kila upande ukione. Kisha akaushusha mkono ule, akausimamisha usawa wa kifua chake, pale nilipokuwa nafika nikiwa na miaka 11.